Mikono Iliyosubu Sanamu ya Uhuru

Katika Washington, mji mkuu wa Marekani, iko sanamu ya mwanamke juu ya paa la nyumba ya Baraza la nchi. Urefu wake wapata mita 6. Jina lake ni Uhuru. Tuwaeleze waliyoisubu, yaani waliyeyusha shaba na bati na kuyamimina katika kalibu.

Mwenye kiwanda alikuwa Clark Mills. Kwanza alikuwa fundi wa plasta katika mji wa Charleston, akajifundisha mwenyewe kuchonga sanamu. Alipopewa kazi ya kumwonyesha jemadari Andrew Jackson juu ya farasi, yasemekana alikuwa hajaona bado sanamu ya namna hiyo. Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena. Tarehe 8 Januari 1853 watu waliiona: farasi asimama kwa miguu miwili ya nyuma tu. Ndiyo sanamu ya kwanza ya mpanda farasi iliyosubiwa Marekani.

Kwa hiyo mwaka 1860 serikali ilimpa Mills kazi ya Uhuru. Mfano wa plasta ulitoka Roma, kazi ya Thomas Crawford. Ulikuwa vipande 5, navyo vilikwisha kuunganishwa. Nani ataweza kuvitenga bila kuvivunja? Philip Reid, mtumwa wa Mills, alifunga kamba kwenye pete iliyokuwa kichwani mwa sanamu, akaivuta pole pole kwa kapi, hata viungo vikaonekana.

Reid alichunga moto wa kalibu hata siku za Jumapili. Kwa Jumapili 33 alilipwa mwenyewe dola 41.25. Ujira wa siku nyingine ulikwenda kwa bwana wake.

Tarehe 16 Aprili 1862 sheria iliwafungua watumwa wa Washington. Mills aliomba fidia ya dola 1,500 kwa ajili ya Reid, akisifu akili na ufundi wake. Akapewa dola 350.40. Tarehe 2 Desemba 1863 kichwa cha sanamu kilipandishwa mahali pake. Siku ile Reid alikuwa mtu huru.

Mills alifariki mwaka 1883. Twamsifu kwa bidii yake, kwani alianza bila mwalimu. Lakini alisubu Uhuru kwa mikono ya mtu asiye huru, na hilo shaba haisemi. Basi tukitazama kazi kubwa, tusiulize tu jina la bwana wa kazi. Tuulize pia: nani alichunga moto?