Amana ya Namba: Historia Fupi ya Kadi Zilizoachwa Madukani

Makala haya yanachunguza swali moja: je, yafaa mnunuzi aache namba ya kadi yake ya benki katika duka la intaneti? Tunaona kwamba jibu halimo katika ufundi peke yake, bali pia katika historia.

Kwa Kiswahili, amana ni mali iliyowekwa kwa mtu mwaminifu, naye huirudisha kama alivyoipokea. Namba ya kadi haifuati desturi hiyo. Ikinakiliwa, mwenyewe bado anayo, duka linayo, na mwizi naye anayo. Hakuna aonaye pengo.

Mwaka 1997, huko Marekani, kampuni ya Amazon iliomba hataza ya ununuzi wa kubonyeza mara moja tu, ikaipata mwaka 1999. Ili jambo hilo liwezekane, ilibidi kadi iwe imekwisha kuhifadhiwa dukani. Wepesi ulipatikana, hatari nayo haikukawia. Januari 2000 ilijulikana kwamba mtu aliyejiita Maxim alidai kuwa ameiba namba 300,000 katika duka la muziki la CD Universe. Alitaka alipwe dola 100,000. Aliponyimwa, akatangaza hadharani maelfu ya namba hizo.

Desemba 2004, kampuni kubwa za kadi zilitoa kanuni za pamoja. Kanuni hizo zinakataza duka kutunza tarakimu za usalama za kadi baada ya malipo kuidhinishwa. Baadaye, maduka mengi yalianza kutunza alama mbadala mahali pa namba yenyewe, ili mwizi akiipata isimfae kwingine.

Linabaki swali la nani abebe hasara. Sheria ya Marekani inamwekea mwenye kadi ya mkopo kikomo cha dola 50. Lakini sheria hiyo haivuki mipaka, na kadi inayochota moja kwa moja katika akaunti humwondolea mtu fedha zake kabla ya shauri kuamuliwa. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu hana budi kuiuliza kwanza benki yake.

Kwa hiyo tunahitimisha hivi: namba iachwe pale tu mtu anaponunua mara kwa mara, tena kwa kadi yenye kinga. Kuandika tarakimu 16 upya ni kazi ya dakika moja. Kukusanya nakala zilizokwisha tawanyika hakuwezekani.