Kutoka fungu mpaka kilo: historia ya kupima samaki huku Uvira

Mtu akifika asubuhi Kalundu, wakati mitumbwi inarudi kutoka uvuvi wa usiku, atasikia watu wakibishana juu ya bei. Bei inajadiliwa kwa sauti kubwa. Kipimo, wengi wanakipokea tu. Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba kipimo nacho kina historia yake, na kwamba mwenye kukipokea bila kukijaribu anaweza kupunjwa miaka mingi bila kujua.

1. Wakati wa fungu

Wazee wetu hawakupima samaki kwa uzito. Sangala aliuzishwa mmoja mmoja, mukeke kwa mtungo, ndagala kwa fungu ao kwa kitunga. Macho njo yalikuwa mizani. Muuzishaji alipanga fungu lake chini, mnunuzi akalizunguka, akaomba matabishi, na bila matabishi biashara haikuisha vizuri. Kipimo hicho hakikuwa sahihi, lakini kilikuwa wazi: wote wawili waliona kitu kimoja.

2. Mizani ilikuja kwa ajili ya pembe

Neno mizani lina asili ya Kiarabu. Lilifika na misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora mpaka Ujiji, kisha ikavuka ziwa. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wamekwisha kuzoea njia hii, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Pembe ilipimwa kwa frasila, ni kusema karibu kilo 16. Samaki alibaki kwenye fungu lake.

Kilo ilikuja na Wabelgiji. Reli ilipofika Albertville, njo Kalemie ya leo, mwaka 1915, samaki wakavu wa ziwa walipata njia ya kwenda Katanga, kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi. Mwenye kulisha watu kwa maelfu hawezi kununua kwa fungu. Tena katika miaka ya 1950 zikaja nyavu kubwa za Wagiriki pamoja na taa za petroli zenye mwangaza mkali, na mavuno ya usiku mmoja yakapita uwezo wa macho. Hivi mizani ilishuka mpaka kwenye mchanga. Lakini tuangalie jambo moja: mizani ilikuwa mara nyingi mali ya mnunuzi mkubwa, na namba zake zilielekea upande wake.

Kwa rejareja, kopo na murongo havikutoka sokoni mpaka leo. Navyo viko na ujanja wake: kitako kikipigwa kidogo kiingie ndani, kipimo kinapungua, na macho hayaoni kitu.

3. Mizani za aina tatu

Ya kwanza ni mizani ya sahani mbili, ambayo Mfaransa Roberval alionyesha umbo lake mwaka 1669. Inalinganisha samaki na jiwe la mizani. Haichoki upesi, wizi wake uko ndani ya jiwe lililotobolewa chini ao kusuguliwa.

Ya pili ni mizani ya kutundika, yenye risoli ndani. Wamama wanaijua, kwani njo inapima watoto kwenye kituo cha afya. Mwingereza Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba risoli inavutika kwa kadiri ya mzigo. Ni nyepesi, haiombi mawe. Lakini chumvi na unyevu vinaleta kutu, na risoli iliyochoka inavutika kupita kiasi, basi inasema kilo nyingi kuliko zilizopo. Tena ile ya kilo 100, yenye mistari ya gramu 500, haiwezi kupima mukeke mmoja.

Ya tatu ni ya umeme, yenye kuandika namba. Inaonyesha mpaka gramu, na kwa sababu hiyo watu wanaiamini haraka. Lakini pili ikichoka ao maji yakiingia, nayo inaandika uongo, tena kwa gramu.

4. Jaribio tulilofanya

Siku moja tulichukua wanafunzi wetu mpaka ufukoni, tukiwa na bido tupu na chupa ya lita moja. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja: hakuna jiwe la mizani lenye bei nafuu kuliko hilo. Wafanyabiashara watatu walikubali. Kila mara tulipima bido tupu kwanza, kisha tukatia lita 10, tukapima mara tatu.

Mizani ya kwanza ilionyesha 10, 10, 10. Ya pili ilionyesha 9, 9, 9. Ya tatu: 10, kisha 9 na nusu, kisha 10 na nusu. Tukarudi kwa ile ya pili, tukajaza lita 20. Ikasema 18. Basi haikuwa sindano tu iliyoanza vibaya. Ilikula kilo moja katika kila kilo kumi. Na mizani hiyo njo ilikuwa ya kununulia kwa wamama. Basini ya kilo 40 iliandikwa 36.

Mama mmoja alitazama sindano, akanyamaza, kisha akasema: « Mwalimu, miaka hii yote nilizania samaki wangu njo wanakaukia njiani. »

Wanafunzi walielewa hapo tofauti ya maneno mawili. Mizani thabiti inarudia jibu lake. Mizani sahihi inasema kweli. Ile ya tatu ilikuwa mbaya, lakini kila mtu aliishuku. Ile ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa haikubadilika, na watu waliiamini.

5. Namna ya kuchagua

Kabla ya kununua mizani, ao kabla ya kukubali ya mwengine: sindano isimame kwenye sufuri ikiwa tupu. Pima basini tupu, tena ikiwa imelowa. Pima maji ya lita 10, kisha 20. Rudia mara tatu. Pima nchi kavu, si ndani ya mtumbwi. Kwa ndagala wakavu ongeza uangalifu: karibu kilo 4 za wabichi zinatoa kilo 1 ya wakavu, basi gramu 100 zilizopotea kwenye wakavu ni gramu 400 za jasho la mvuvi.

Kwa kumaliza, hatusemi turudi kwenye fungu. Lakini fungu lilikuwa na heshima moja ambayo tumeipoteza: wote wawili waliona. Tungependa kila ufuko uwe na bido moja yenye alama ya lita 10, isiyo ya muuzishaji wala ya mnunuzi, na kila mtu awe na haki ya kuitundika kabla ya samaki. Mwenye mizani ya kweli hatakasirika.