SUA: Wanatafiti Nini, na Sisi wa Serengeti na Tarime Tunaingiaje?



Kila mwaka hapa kwetu zinapita Land Cruiser za watafiti. Wanachanja mbwa, wanatoa damu ng'ombe, wanauliza tembo wamekula mahindi ya nani. Sisi vijana kazi yetu kushika kamba ya mbwa na kuonyesha njia. Mimi nimeishika sana hiyo kamba. Siku moja nikamuuliza dada aliyekuwa anajaza fomu, "Hivi dada, wewe unasomea nini?" Akasema yuko mwaka wa pili wa uzamili, na mbwa wetu ndio utafiti wake. Nikachoka! Tangu siku ile nachimba habari za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Nilichopata hiki hapa.

SUA NI NINI?
Kilianza Julai 1984. Kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina ni la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huohuo. Neno "kilimo" lisikudanganye, mle ndani kuna tiba ya mifugo, wanyamapori, misitu na lishe.

WANATAFITI NINI?
1. Magonjwa ya wanyama yanayompata na mtu: kichaa cha mbwa, kimeta, brusela. Kituo chao cha SACIDS kilianza 2008, na 2016 kiliingia kwenye vituo vya umahiri vya Afrika vinavyofadhiliwa na Benki ya Dunia.
2. Panya. Usicheke! Shirika la APOPO linafundisha panya buku hapo SUA kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia akapewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020.
3. Wanyamapori na watu wanaoishi nao. Hao ni sisi!

KWA NINI INATUHUSU
Mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo mbwa wa vijijini wanavyo pia, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Baadaye mbwa wa vijiji vya kandokando ya hifadhi wakawa wanachanjwa distempa na kichaa. Hesabu ya watafiti ni kwamba ukichanja mbwa 70 kati ya 100, kichaa kinakosa pa kupita. Marehemu Dk. Magai Kaare, daktari wa mifugo Mtanzania, aliongoza chanjo hiyo Serengeti, na uzamivu wake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh ulihusu jambo hilohilo. Yaani mbwa wa kijijini anaweza kumfikisha mtu Scotland.

UNAINGIAJE?
- Kidato cha tano chukua mchepuo wenye Biolojia na Kemia: PCB, CBG au CBA. Ukitaka udaktari wa mifugo, shahada ya kwanza ni miaka 5.
- Kuingia uzamili, TCU wanataka GPA isiyopungua 2.7 kwenye shahada ya kwanza. Kwa hiyo usilale chuoni ukisema "bora nifaulu tu".
- Maombi ya uzamili yanapelekwa chuoni moja kwa moja. Ada angalia kwenye tovuti ya SUA, usimpe mtu wa kijiweni hela akuombee.
- Hela ndiyo msoto. Nafasi nyingi za ufadhili zinatoka kwenye miradi. Mtafiti wa nje lazima apate kibali cha COSTECH na awe na mwenzake wa taasisi ya hapa nchini. Kwa hiyo gari la mradi likija kijijini, uliza chuo gani cha Tanzania kimo na nani msimamizi.

Mimi nimeishia sekondari na sijakata tamaa, matokeo narudia. Kinachoniuma ni kwamba tunajua mbwa yupi anazurura wapi na tembo anapita bonde gani, halafu anayeandika hayo anatoka mbali. Dogo wa kidato cha pili unayesoma hapa kafe kwa dakika zako za mwisho, Kemia usiikimbie. Kamba ya mbwa ishike, lakini na fomu ujaze wewe.

Mwenye ndugu SUA aongezee hapo chini. Nawasilisha.