Basotu: Ziwa, Ng'ombe na Ngano

Magharibi ya mji wa Katesh, nchini Tanzania, Mlima Hanang ukishaachwa nyuma na mita zake 3,417, nchi inatandaa kuwa mbuga ndefu yenye udongo wa rutuba. Katikati ya mbuga hiyo limelala Ziwa Basotu. Ni maji yaliyojaa katika mashimo ya volkano ya kale, ndiyo maana ukingo wake umejaa vighuba na kona. Maji yake ni baridi, yanafaa kunywewa na mtu na mnyama, na viboko wamo. Kwa nchi ambayo ziwa lake jingine kubwa, Balangida chini ya Mlima Hanang, ni la magadi na chumvi, hilo si jambo dogo.

Hakuna bahari mkoani Manyara, lakini Basotu ina maisha ya pwani kwa namna yake. Asubuhi watu huteremka majini na ndoo, mchana mifugo huja kwa zamu, na wavuvi hutafuta perege na kambale. Uvuvi wenyewe ni kazi iliyokuja baadaye. Wabarbaig, tawi kubwa la Wadatoga walioyatumia maji haya kwa vizazi, ni watu wa ng'ombe, na samaki hakuwa chakula chao cha desturi. Kwao ziwa lilikuwa la kunyweshea, tena mahali pa kuheshimiwa.

Masimulizi yao yanaanzia kaskazini, kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, ambako Wamasai waliwasukuma kusini katika karne ya 19. Walipofika Hanang walikuta nchi inayotaka akili. Mvua ziliponyesha, mifugo ilipelekwa kwenye mbuga zenye nyasi tamu, hasa mabonde yenye rutuba ya uwanda wa Basotu waliyoyaita muhajega. Kiangazi kilipokaza, watu walihama na mifugo yao kufuata maji na miti, nazo nyasi za mbuga zikapumzika. Chumvi ya mifugo ilifuatwa Balangida. Mzunguko huo ulikuwa na sheria zake, na wazee walikaa mikutanoni kuamua nani anyweshe wapi na malisho gani yafungwe.

Wanawake nao walikuwa na chombo chao. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarbaig miaka ya 1950, alilieleza kwa kina baraza la wanawake linaloitwa girgwageda gademga. Mume akimdhulumu mkewe katika mambo ambayo mila imeyaweka chini ya ulinzi wa wanawake, majirani wa kike hukusanyika, humsikiliza mke, kisha humtoza mwanamume faini ya ng'ombe. Hakuna mzee wa kiume wa kukata rufaa kwake. Wanaoandika kwamba mwanamke wa mfugaji hakuwahi kuwa na sauti wangefanya vyema kuanzia hapo.

Alama iliyokuwa wazi kuliko zote mbugani ilikuwa kaburi. Si kila mtu hupewa kaburi hilo, linaloitwa bung'eda. Ni heshima ya mzee aliyeishi vizuri. Akifa, watu hujenga juu ya kaburi lake kichuguu cha miti na udongo, hatua kwa hatua, kwa muda wa miezi tisa hivi, na siku ya kilele umati hukusanyika na pombe ya asali hunywewa. Ukoo hurudi hapo mwaka hadi mwaka. Mahali penye bung'eda pana mwenyewe, hata kama nyasi zimekua na hakuna nyumba hata moja inayoonekana.

Hilo ndilo ambalo wapimaji wa mashamba ya ngano waliokuja baadaye hawakuliona.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilitaka Tanzania ijitosheleze kwa ngano, kwa kuwa mkate ulikuwa umeshika kasi mijini. Kanada, yenye uzoefu wa kulima nyika kubwa kwa mashine, ilikubali kutoa fedha na wataalamu. Shirika la umma la NAFCO likapewa kazi, na kuanzia miaka ya 1970 yakazaliwa mashamba saba: Setchet, Basotu, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Jumla ya ardhi iliyotengwa ilikaribia ekari 100,000. Trekta na kombaini zilivuna kweli. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngano ya nchi ilitoka Hanang. Asiyetaja hilo hatendi haki.

Lakini ardhi iliyochaguliwa ndiyo iliyokuwa bora, yaani muhajega yenyewe. Mfugaji akiondolewa kwenye malisho ya masika hapotezi eneo hilo tu, kwa sababu anakaa mwaka mzima kwenye malisho ya kiangazi, nayo yanachoka. Njia za kwenda majini zilizibwa na mashamba. Makaburi yalilimwa. Udongo ulioachwa wazi baada ya mavuno ulichukuliwa na mvua, makorongo yakachimbika, na tope likaenda kutua ziwani.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Katika kesi namba 10 ya mwaka 1981, iliyofunguliwa Mahakama Kuu Arusha, halmashauri ya kijiji na wananchi 67 walidai ekari 8,125 zilizochukuliwa na NAFCO, wakashinda. NAFCO ikakata rufaa. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo rasmi, na wanakijiji nao hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi, sheria iliyotungwa na Waingereza mwaka 1923. Watu waliozikwa babu zao mbugani wakatakiwa, miaka zaidi ya 20 baada ya Uhuru, kutimiza masharti ya mkoloni. Ni vigumu kuisoma hukumu hiyo leo bila kukunja uso.

Misaada ya Kanada ilikoma katika miaka ya 1990, mashine zikachakaa, mavuno yakashuka. NAFCO yenyewe ikafikia ukingoni. Baadhi ya ardhi ikarudi mikononi mwa wananchi, nyingine ikaenda kwa wawekezaji. Leo uwanda wa Basotu una mchanganyiko ambao hakuna mpango uliouchora: Wairaqw waliohamia kutoka milima ya Mbulu wanalima mahindi, mbaazi na alizeti, wafanyabiashara wanafuata minada, na Wabarbaig, ambao wengi wao sasa wana shamba pia, bado wanateremsha ng'ombe majini.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inaitambua hakimiliki ya kimila hata kwa asiyekuwa na hati mkononi, na inataja malisho ya wafugaji kuwa matumizi halali ya ardhi. Wakati inaanza kutumika, ilikuwa imepita miaka 16 tangu Mulbadaw washindwe.