Asili ya magitaa makuukuu ya Eric Clapton ilivyosakwa

Dalali wa kampuni ya minada ya Christie's alipogonga nyundo yake jijini New York mnamo Juni 24, 2004, gitaa jeusi lililochakaa, lenye alama za moto wa sigara kichwani na shingo iliyolika kwa vidole vya mwenyewe, lilikuwa limepata mnunuzi kwa dola 959,500. Hadi siku hiyo, hakuna gitaa lililokuwa limenunuliwa mnadani kwa fedha nyingi kuliko hizo. Lile lililoshikilia rekodi hapo awali, gitaa la Jerry Garcia lililojulikana kama Tiger, lilikuwa limepitwa kwa dola 2,000 tu.

Mwenye gitaa hilo jeusi alikuwa Mwingereza Eric Clapton, aliyelibandika jina la Blackie. Mapato ya mnada yalikwenda katika kituo cha Crossroads kisiwani Antigua, ambacho Clapton, aliyewahi mwenyewe kuwa mtumwa wa heroini na pombe, alikianzisha mwaka 1998 kuwatibu waraibu.

Ajabu ni kwamba chombo hicho hakikutoka kiwandani kikiwa gitaa moja. Mnamo 1970, Clapton aliingia katika duka la Sho-Bud mjini Nashville, Marekani, akakuta magitaa makuukuu ya aina ya Fender Stratocaster. Enzi hizo vijana walitaka vitu vipya, na mitumba ya miaka ya hamsini ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Alinunua sita. Moja akampa George Harrison, la pili Pete Townshend, na la tatu Steve Winwood. Matatu yaliyobaki yalifumuliwa, yakachaguliwa yale yaliyo bora: kiwiliwili cha hili, shingo ya lile, vinasa mlio vya jingine. Ndivyo Blackie alivyozaliwa. Clapton alipanda naye jukwaani katika ukumbi wa Rainbow, London, mnamo Januari 13, 1973, na hakumstaafisha hadi katikati ya miaka ya themanini.

Je, gitaa la namna hiyo lina mwaka wa kuzaliwa? Wataalamu hujibu kwa kutaja miaka miwili, 1956 na 1957, kwa kuwa viungo vyake havikuzaliwa siku moja. Jibu hilo halikutolewa kwa kukisia. Liko namna ya kuyasoma magitaa haya, na msomaji aliyekulia katika midundo ya rumba na benga, ambamo gitaa la umeme ndilo roho ya wimbo, pengine atapenda kuijua.

Leo Fender, fundi wa redio wa mjini Fullerton, California, alipoitoa Stratocaster mwaka 1954, hakuwa na haja ya kuunda chombo cha kifahari. Alitaka gitaa linaloweza kutengenezwa haraka na kukarabatiwa kwa urahisi. Shingo haikugundishwa kwenye kiwiliwili kwa gundi, bali ilikazwa kwa parafujo nne. Kwa hiyo, mwenye bisibisi anaweza kuling'oa gitaa lote mezani kwake kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Usahili huo ndio uliomwezesha Clapton kuunganisha matatu kuwa moja, na ndio unaowatoa jasho watafiti, maana kinachong'olewa kwa urahisi hubadilishwa kwa urahisi vilevile.

Mnunuzi asiyejua mambo hukimbilia nambari iliyopigwa kwenye kibati cha chuma nyuma ya gitaa. Nambari hiyo husaidia, lakini ni shahidi dhaifu. Vibati havikutumiwa kwa mfuatano; mfanyakazi aliokota kilichokuwa karibu na mkono wake, na gitaa la mwaka mmoja likaweza kubeba nambari iliyo kubwa kuliko ya gitaa lililolifuata. Isitoshe, kibati chenyewe hushikiliwa na parafujo zizo hizo nne.

Shahidi wa kutegemewa zaidi amejificha. Shingo ikitolewa, kwenye kisigino chake huonekana tarehe iliyoandikwa kwa penseli na mfanyakazi wa kiwanda, pengine pamoja na herufi za kwanza za jina lake. Maandishi hayo hayakukusudiwa kuonwa na mteja. Chini ya kibao cha mbele, kwenye vifundo vya kurekebishia sauti, kuna tarakimu nyingine zilizopigwa na viwanda vilivyoviuza vifundo hivyo kwa Fender: za mwanzo hutambulisha kiwanda, na zinazofuata hutaja mwaka na juma. Vifundo viliweza kukaa ghalani miezi mingi kabla ya kutumiwa, hivyo tarakimu hizo hazisemi gitaa liliundwa lini. Zinasema tu kwamba halikuundwa kabla ya juma hilo. Kanuni inayofuatwa ni nyepesi. Gitaa haliwezi kuwa kongwe kuliko kiungo chake cha asili kilicho kichanga zaidi.

Rangi nayo husema. Katika miaka ya hamsini, viwiliwili vya Fender vilipakwa rangi na kukaushwa vikiwa vimeinuliwa juu ya misumari midogo. Misumari ilipoondolewa, yalibaki matundu ambayo ndani yake mbao ziko tupu. Mtaalamu akichungulia matundu hayo akayakuta yamejaa rangi, hujua mara moja kwamba kuna mtu aliyepaka upya baadaye. Viungio vya waya pia hukaguliwa: risasi iliyoyeyushwa mwaka 1956 ikaachwa hivyo haifanani na ile iliyoguswa juzi. Ni kazi ya taratibu, inayoshabihiana zaidi na ile ya mpelelezi wa polisi kuliko ya mpenzi wa muziki.

Gitaa la Clapton lisilo na utata mkubwa ni lile la kahawia, Brownie, ambalo ni Stratocaster ya mwaka 1956 yenye nambari 12073. Alilinunua katika duka la Sound City jijini London mnamo Mei 7, 1967, alipokuwa katika bendi ya Cream. Ndilo analoonekana nalo kwenye jalada la albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, ya mwaka 1970, na ndilo lililotumika katika "Layla" mwaka huo huo. Mnada wa Juni 1999 ulipowadia, ushahidi ulikuwa tayari: nambari, picha za majalada, mikwaruzo iliyolingana na iliyo katika picha, na mwenye mali mwenyewe akiwa hai kuthibitisha. Liliuzwa kwa dola 497,500, likaenda kwenye jumba la makumbusho la muziki lililoasisiwa na tajiri Paul Allen mjini Seattle.

Lakini gitaa linalowakosesha usingizi wachunguzi ni lile ambalo halikuwahi kufika mnadani.

Clapton alijiunga na bendi ya John Mayall, Bluesbreakers, mwezi Aprili 1965. Akiwa huko alipata gitaa la Gibson Les Paul lenye rangi ya machweo: manjano katikati, ikigeuka taratibu kuwa nyekundu kuelekea pembezoni. Lilitoka katika duka moja kwenye barabara ya Charing Cross, London. Mpiga gitaa Andy Summers, aliyekuja kuvuma baadaye na bendi ya The Police, amesimulia kwamba yeye alinunua la namna hiyo katika duka lilo hilo, kisha akamwambia Clapton kuwa kuna jingine limebaki.

Magitaa hayo yalikuwa machache. Kiwanda cha Gibson cha mjini Kalamazoo, Michigan, kiliyaunda kati ya 1958 na 1960 pekee, takriban 1,500 kwa jumla, kisha kikaachana nayo kwa kukosa wateja. Clapton alilichomeka lake kwenye kipaza sauti cha Marshall, akaongeza sauti hadi chombo kikaanza kukoroma, na albamu iliyotoka Julai 1966 ikabadilisha fikra za wapiga gitaa wa Uingereza na kwingineko. Kwenye jalada lake Clapton ameketi akisoma jarida la watoto liitwalo Beano, na kutokana na picha hiyo gitaa likapewa jina. Miaka miwili baadaye, Gibson ilianza tena kuunda Les Paul za umbo lile la zamani.

Kabla ya hapo, gitaa lenyewe lilikuwa limetoweka. Liliibwa mwaka 1966, wakati Clapton, Jack Bruce na Ginger Baker wakifanya mazoezi ya kuianzisha Cream. Clapton alilazimika kutafuta mbadala, na aliyemuuzia hakuwa mwingine ila Summers.

Je, lililoibwa liliundwa mwaka gani? Tarakimu ya kwanza ya nambari iliyopigwa kwa wino nyuma ya kichwa cha Les Paul za kipindi hicho hutaja mwaka: 8, 9 au 0. Laiti nambari hiyo ingejulikana hadharani, mjadala ungefungwa siku moja. Kwa kuwa haijulikani, wachunguzi wamebaki na picha chache, nyingi zikiwa hazina rangi, na kumbukumbu za mwenyewe. Clapton amewahi kueleza kuwa shingo yake ilikuwa nyembamba. Shingo nyembamba ni dalili ya mwaka 1960. Nene ni ya 1958 na 1959. Wengi kwa sababu hiyo wameegemea 1960. Hata hivyo, mabadiliko ya kiwandani hayakufanywa kwa siku moja, na kiganja cha mtu si rula.

Kuna alama nyingine ambayo mwizi hawezi kuifuta kwa urahisi. Uso wa Les Paul hizi ni ubao wa mti wa mepo, wenye mistari inayong'aa mithili ya miale ya moto, na hakuna mbao mbili zilizo na mistari inayolingana kabisa. Mistari hiyo kwa gitaa ni kama alama za vidole kwa binadamu. Picha moja safi ya mwaka 1966, ikionyesha uso wote, ingetosha kumaliza shauri.

Hatima ya Les Paul nyingine iliyopita mikononi mwa Clapton ilikuwa tofauti. Hiyo iliundwa mwaka 1957 ikiwa ya rangi ya dhahabu. Ilikuwa ya John Sebastian wa The Lovin' Spoonful, ikaja kwa Rick Derringer wa The McCoys, ambaye aliirudisha kiwandani Kalamazoo ipakwe nyekundu. Iliporejea hakuipenda tena. Ilifika katika duka la Dan Armstrong jijini New York, Clapton akainunua, na Agosti 1968 akamzawadia rafiki yake George Harrison, aliyeiita Lucy. Mwezi uliofuata Clapton alialikwa studioni na The Beatles, akaipiga hiyo hiyo katika "While My Guitar Gently Weeps".

Mwaka 1973 wezi waliingia nyumbani kwa Harrison huko Beverly Hills, wakatoka nayo. Iliuzwa kwa duka moja la vyombo vya muziki, na ilipogunduliwa, ilikuwa imekwisha kununuliwa na mwanamuziki kutoka Mexico aliyeondoka nayo kwenda kwao. Harrison hakumshtaki. Alifanya naye biashara: akampa Les Paul ya mwaka 1958 pamoja na gitaa la besi la Fender, akarejeshewa Lucy. Alibaki nayo hadi alipofariki mwaka 2001.

Kwa upande wa Blackie, kampuni ya Fender ilitoa mwaka 2006 nakala 275 zilizoigwa mkwaruzo kwa mkwaruzo, pamoja na alama ya sigara kichwani. Zilimalizika haraka.

Kuhusu gitaa la Beano, fununu mpya zilizuka mwaka 2016. Joe Bonamassa, mpiga gitaa wa Marekani na mkusanyaji mashuhuri wa vyombo vya kale, alieleza kuwa gitaa hilo lipo, na kwamba limo katika hazina ya mtu mmoja mashariki mwa nchi hiyo. Habari hizo zilisambaa duniani kote kwa siku chache. Jina la mwenye nalo hakulitaja, wala hakuonyesha picha ya uso wa gitaa.