Reli ilitoka wapi?

Mwezi uliopita wanafunzi watatu walikuja kwangu na TFC yao juu ya reli ya Lubumbashi. Ukurasa wa kwanza ulisema: « Wabelgiji walijenga reli ili kuunganisha Lubumbashi na Kongo nzima. » Nikauliza, mumeitosha wapi? Ku intaneti. Bon. Na miaka? Kimya.

Sikuwapa jibu. Nikawaambia wachore ramani, na kila kipande cha reli waandike mwaka wake pembeni. Waliteseka kidogo, maana vitabu vya zamani vinataja majina ya zamani tu: Élisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, Port-Francqui ni Ilebo. Asiyejua majina hayo anapita juu ya jibu lake bila kuliona.

Ramani ilipokwisha, ile sentensi ikaanguka yenyewe. Reli ilifika hapa 1910, mwaka uleule mji ulianzishwa, lakini ilitokea kusini, Rhodesia, ikapitia Sakania. Mwaka 1911 kiwanda kikaanza kuyeyusha shaba, na shaba ile ikashuka kusini kwenda bandari ya Beira, Msumbiji. Upande wa kaskazini, reli ilifika Bukama 1918. Ilebo, pale mizigo inashushwa mtoni kwenda Kinshasa, ni 1928! Miaka 18 mji wetu ulikuwa na njia ya treni mpaka baharini ku Beira, lakini si mpaka Ilebo.

Mmoja akanuna: « Yaya, sasa tuandike yote upya? » Ndiyo. Lakini sasa walikuwa na swali la kweli: hii reli ilijengwa juu ya batu ao juu ya shaba?

Walikwisha kuchagua shaba. Mimi pia, kusema kweli. Kisha tukaenda Kamalondo kwa mzee mmoja. Akatusikiliza, akacheka: « Baba yangu alikuyaka na ile treni ya kutoka Kasai, kutafuta kazi. Miye nilizaliwa hapa hapa. Munasema ilibeba shaba tu? »

Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba reli hiyohiyo njo iliwarudisha wengi. Anasema juu ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, familia nzima zikalala ku gare zikingojea treni.

Msichana wa kundi aliweka bic chini. Tangu asubuhi alikuwa ameandika kila kitu. Akasema polepole: « Nkambo wangu alilala pale ku gare ya Likasi. Hapendaka kutusimulia. »

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Tulirudi kwa miguu tukifuata reli.

Juma lililofuata walinileta ramani mpya. Pembeni ya kila mwaka wameongeza mstari mmoja: nani alipanda. Kwa Likasi hawajaandika kitu. Msichana aliomba wamuachie nafasi mpaka atakapoenda kwa nkambo wake, yeye peke yake, bila karatasi.