Tafsida pia hubagua: Kisa cha Hola na pasipoti za 1968

Mnamo Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilitoa orodha ya maneno ambayo wanasiasa walitakiwa kuyaepuka hadharani. Lilikuwamo 'madoadoa', ambalo wakazi wa Bonde la Ufa wanajua lilivyotumiwa miaka ya tisini, na likawamo 'hatupangwingwi', zao la Sheng lililokuwa likivuma mikutanoni. Wengi waliicheka orodha ile. Mimi sikuicheka, ila nilijiuliza: je, ubaguzi hukaa ndani ya neno kiasi kwamba ukiling'oa neno umeung'oa na ubaguzi wenyewe?

Kuhusu ukabila tumeandika sana. Leo nitajadili ubaguzi wa rangi, kwa kuwa huko historia imetuachia ushahidi ulio wazi zaidi, na Kenya yetu imo ndani yake.

Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili ataniambia tafsida ni nini: lugha ya adabu inayofunika jambo zito au la aibu. Mtu hafi, huaga dunia. Haendi chooni, huenda haja. Ni ustaarabu mzuri huo, na sina ugomvi nao. Lakini tafsida ikiingia serikalini huwa na kazi nyingine.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, askari wa gereza waliwapiga wafungwa wa Mau Mau waliokataa kufanyishwa kazi ya sulubu. Watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni haikutaja rungu hata moja. Ilisema kwamba wafungwa hao walifariki baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Hebu itazame kauli hiyo kwa jicho la mwanaisimu. Haina tusi. Maji huenda waliyanywa, na kufa walikufa. Uongo wote umejibanza katika maneno mawili madogo, 'baada ya'.

Suala hilo lilifika katika Bunge la Uingereza. Usiku wa manane, Julai 27 kuamkia 28, mbunge wa chama cha Conservative, Enoch Powell, alisimama kuisuta serikali ya chama chake mwenyewe. Mbunge mwenzake alikuwa amewaita marehemu wale viumbe wasiofikia ubinadamu. Powell aliikataa kauli hiyo katakata. Akasisitiza kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa watu wa kwao na kingine kwa Waafrika. Ni wachache katika Bunge lile waliowahi kuwatetea wafungwa wetu kwa ufasaha wa aina ile.

Haya basi. Aprili 20, 1968, Powell yuyo huyo alihutubia mkutano jijini Birmingham, akatabiri umwagikaji wa damu iwapo uhamiaji wa watu weusi na Waasia hautakomeshwa. Alisoma barua iliyowataja watoto weusi kwa neno 'piccaninnies'. Asili yake ni Kireno, 'pequenino', yaani kadogo. Likapita katika vinywa vya mabwana wa watumwa na walowezi hadi likawa dharau. Kesho yake kiongozi wa chama, Edward Heath, alimfuta kutoka baraza lake kivuli la mawaziri. (Boris Johnson alilitumia neno hilo hilo gazetini mwaka wa 2002, na mwaka wa 2019 akawa waziri mkuu. Msomaji apime mwenyewe.)

Simtetei Powell. Hotuba ile ilikuwa sumu, na Heath alifanya alichopaswa kufanya. Ninachotaka tukione ni kile kilichokuwa kimetokea wiki saba kabla yake, bila yeyote kufutwa kazi.

Kenya ilipopata uhuru, wakazi wenye asili ya Bara Hindi walipewa miaka miwili kuomba uraia. Sensa ya 1962 ilikuwa imehesabu Waasia 176,613 nchini. Wengi walibaki na pasipoti za Uingereza, kama walivyoruhusiwa kisheria. Walipoanza kusafiri kwa wingi kuelekea London mwishoni mwa 1967, serikali ya Labour ya Harold Wilson ilishtuka. Waziri wa mambo ya ndani, James Callaghan, aliwasilisha mswada bungeni, ukapitishwa kwa siku tatu hivi, na Machi 1, 1968 ukawa sheria.

Sheria hiyo haikutaja rangi wala Wahindi. Ilisema tu kwamba mwenye pasipoti ya Uingereza angeingia bila kizuizi ikiwa yeye, mzazi wake, babu yake au nyanya yake alizaliwa Uingereza au alipata uraia hukohuko. Maskini nyanya! Hakuna neno lenye upole kuliko hilo katika lugha yoyote, na ndilo lililobebeshwa kazi ya kuwatenga watu kwa rangi. Mtoto wa mlowezi aliyezaliwa Nakuru alipita, kwa kuwa alikuwa na nyanya Kent au Yorkshire. Mtoto wa fundi wa reli aliyezaliwa Nairobi, mwenye uraia ule ule, aliambiwa asubiri mojawapo ya vocha 1,500 kwa mwaka.

Mwaka uo huo serikali hiyo hiyo ilitunga sheria nyingine ya kuwakataza wenye nyumba na waajiri kuwabagua watu kwa rangi. Ati mwenye chumba cha kukodisha asibandike kibao mlangoni, ilhali serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kubandika chake katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Mwaka wa 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilifikia uamuzi kwamba sheria ile iliwabagua Waasia wa Afrika Mashariki kwa rangi na kuwadhalilisha. Ripoti yake haikuwekwa wazi hadi 1994.

Kumsuta Mwingereza ni rahisi, na aghalabu hapo ndipo sisi hukomea. Lakini Waasia wale walikuwa wakikimbia nini? Sheria yetu ya Uhamiaji na ile ya Leseni za Biashara, zote za 1967, ziliwalenga 'wasio raia'. Nazo hazikutaja rangi. Hata hivyo, kila mtu alijua mwenye duka la rejareja asiye raia ni nani. Sisemi kwamba Mwafrika hakuwa na malalamiko ya haki. Ukoloni ulikuwa umemfungia nje ya biashara kwa miongo mingi, na hilo lilihitaji dawa. Ila dawa hiyo haikuwa na uhusiano wowote na msemo uliozuka miaka hiyo kuhusu Waasia waliokubali uraia wetu: 'raia wa makaratasi'. Yachunguze maneno hayo moja moja. Hakuna lililo chafu, na hakuna orodha ambayo ingeyanasa. Tulilalamika Uingereza ilipoifanya pasipoti kuwa karatasi tupu, nasi tukawaambia majirani zetu kwamba vyeti vyao ni makaratasi.

Makhan Singh alifika Kenya mwaka wa 1927 akiwa kijana kutoka Punjab. Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wakoloni walimkamata mwezi uliofuata, wakamzuilia hadi Oktoba 1961, muda mrefu kuliko walivyomzuilia Jomo Kenyatta. Miaka hiyo ambayo 'raia wa makaratasi' ulikuwa msemo wa kawaida, Makhan Singh alikuwa Nairobi akiandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Kitabu chake kilichapishwa 1969.